Kiduku ni Jibu la Swali Gani?

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya wazee na vijana wa mtaa wetu, Ng'ambo, Unguja, jioni moja baada ya sala ya Alasiri. Vijana walinirikodi kwa simu, nami nimeyaandika kutoka kwenye rikodi hiyo. Nimepunguza kikohozi na kurudiarudia, mengine nimeyaacha kama yalivyotoka.

Assalaam alaykum, wazee wangu, mama zangu, na nyinyi wanangu mliojazana kule mlangoni kama watu wanaotafuta njia ya kutokea.

Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya "uhuni wa vijana na dawa yake." Nimesomesha elimu ya jamii miaka 30 na kitu, na dawa sijapata kuwa nayo hata siku moja. Kilichonileta ni hilo neno la mwanzo. Kamusi za zamani za Kiswahili zinamweleza mhuni kuwa ni mtu wa kutangatanga, asiye na makao ya kueleweka, asiyekubali kutawaliwa na wakubwa. Neno moja limebeba mambo mawili: kukosa mahali, na kukataa amri. Lipi limemzaa mwenzake? Watu wa Chicago, London na Birmingham wamejaza makabati ya vitabu wakilizunguka swali hilo, na neno mhuni hawajapata kulisikia.

Nilipokuwa nakuja nimepita kwa kinyozi mmoja hapo Mwembetanga. Nje amebandika lile bango la vichwa, kila kichwa na nambari yake. Nikamuuliza kiduku ni kipi, akanionyesha: pembeni kumekwanguliwa, katikati nywele zimesimama kama kishungi cha jogoo. Nikauliza, na panki? Akacheka. "Hiyo ya wazee, Mwalimu. Panki mlinyoa nyinyi."

Kweli, wengine humu ndani tulinyoa. Bwana mmoja hapo mbele anainamisha kichwa, simtaji. Ila sidhani kama kuna hata mmoja wetu aliyejua panki lilikuwa jina la nini.

London, mwaka 1976. Watu wasio na kazi Uingereza walikuwa wameshapindukia milioni moja, na vijana waliomaliza skuli walikuwa mstari wa mbele katika hesabu hiyo. Wakatokea vijana walioitwa panki (punk), wakavaa mifuko ya taka, wakajitoboa mashavu kwa pini zile tunazofungia nepi za watoto, wakasimamisha nywele na kuzipaka rangi za kuudhi. Mtaalamu mmoja, Dick Hebdige, aliandika kitabu mwaka 1979 akasema mavazi yale ni kelele. Redio inaongea vizuri, ghafla inakwaruza. Huelewi inasema nini, lakini umeshtuka, umeacha ulichokuwa unafanya. Vijana wale walichukua vitu vya kawaida kabisa, pini, mnyororo, mfuko wa taka, wakaviweka mahali pasipo pake, na ule mpangilio uliokuwa unaonekana wa kimaumbile ukaonekana kumbe umepangwa na watu.

Halafu Hebdige akaeleza namna kelele inavyonyamazishwa, na hapa ndipo ninapompenda. Njia ya kwanza ni duka. Kitu kikishapata bei, kikauzwa dukani na kuvaliwa na mtoto wa daktari, kimeshakwisha makali. Njia ya pili ni maneno: ama utaambiwa hawa ni wanyama, ama utaambiwa hawa ni watoto tu, waacheni, watakua. Vyote viwili vinakupumzisha usisikilize. Panki ilipofika Unguja ilikuwa imeshapita kwenye duka na kwenye maneno, ikatua kwa kinyozi ikiwa ni nambari kwenye bango. Kelele zilibaki London.

Sasa nirudi nyuma kidogo, maana hadithi hii haikuanza na pini.

Wamarekani ndio waliotangulia. Mwaka 1927 Frederic Thrasher alichapisha utafiti wa magenge ya vijana wa Chicago, alihesabu 1,313. Mwaka 1938 Robert Merton akasema tatizo liko katika ahadi: jamii inamwambia kila mtu tajirika, kisha inawafungia wengi mlango wa kutajirikia. Mwaka 1955 akaja Albert Cohen, akasema mtoto wa maskini anapimwa skuli kwa kipimo cha watoto wa wenye nacho, anashindwa, anaona haya, na ili asife kwa haya anakigeuza kipimo chini juu: kinachosifiwa na mwalimu yeye anakidharau, kinacholaaniwa ndiyo sifa kwake. Mzee aliyewahi kumsikia mjukuu wake aliyeanguka mtihani wa Kidato cha Pili akisema "skuli yenyewe ya nini" ameshamsoma Albert Cohen, asihangaike kununua kitabu.

Waingereza ndio watakaonikalisha zaidi.

Mwaka 1964, Pasaka, mji wa pwani unaoitwa Clacton. Baridi, mvua, maduka yamefungwa, vijana wa makundi mawili, wa vespa na wa pikipiki, wametoka London na hawana la kufanya. Wakagombana, wakavunja vioo, wakaharibu vibanda vya ufukweni. Magazeti yakaandika kama vile mji umevamiwa na jeshi. Stanley Cohen, Myahudi wa Afrika Kusini, si yule Albert, alifuatilia kelele hizo na mwaka 1972 akaonyesha kwamba hofu ile ilikuwa na mashine yake. Gazeti linakuza, polisi wanaongezwa, waliokamatwa wanazidi kwa sababu wakamataji wamezidi, takwimu zinathibitisha gazeti, na kijana aliyekuwa hana upande anajiona kwenye picha, anachagua upande. Mhuni anatengenezwa na watu wengi wenye nia njema.

Miezi michache kabla ya Pasaka hiyo, magazeti hayo hayo ya nje yalikuwa yanatuandika sisi. Mnakumbuka makomredi wa Umma, chama alichokianzisha Abdulrahman Babu mwaka 1963. Baadhi yao walikuwa wamepata mafunzo Cuba, wakarudi na ndevu, kofia za kijeshi na maneno ya Kihispania mdomoni. Mapinduzi yalipotokea Januari 1964, zikaenea habari nje kwamba Wakuba wametua Unguja. Walikuwa ni watoto wa mitaa hii hii, wenye ndevu! Sicheki siasa za siku zile, zina majeraha yake na humu ndani kuna wenye nayo. Ninachotaka mkione ni jinsi ndevu zilivyosomwa kama jeshi.

Birmingham palikuwa na kituo cha utafiti wa utamaduni kilichofunguliwa mwaka huo huo wa 1964. Kikaja kuongozwa kwa karibu miaka 10 na Stuart Hall, mzaliwa wa Kingston, Jamaica, mtoto wa kisiwa na koloni kama sisi. Yeye na wenzake walikataa mambo mawili. Walikataa kusema vijana ni wakosaji tu, na walikataa kusema vijana wote ni tabaka moja linaloitwa "vijana." Walisema kijana anaishi kati ya tamaduni mbili: ule wa wazee wake, ambao ni wa tabaka lake, na ule wa wanaotawala. Mavazi yake, muziki wake, pembe yake ya kukaa, ni utamaduni tanzu unaochipua kutoka kwa wazee wake na wakati huo huo unagombana na wakubwa wa nchi.

Hall aliazima wazo kutoka kwa Antonio Gramsci, Mtaliana aliyefungwa na Mussolini akaandika madaftari yake gerezani. Gramsci alijiuliza kwa nini watu wanakubali kutawaliwa hata pasipo na fimbo. Akajibu kuwa watawala wakubwa wanapata ridhaa, wanakufanya uone hali iliyopo ndiyo akili timamu ya kila mtu. Ridhaa hiyo haimaliziki, inabidi ishindaniwe kila siku, na mahali pamoja pa kuishindania ni huku chini, kwenye koti na kichana.

Mwaka 1975 kituo kile kilitoa mkusanyiko wa makala ambao jina lake, kwa Kiswahili changu, ni Upinzani kwa Njia ya Ada. Ada, kwa maana ya tendo linalorudiwa kwa kanuni. Watu wa Makunduchi hapa wanatabasamu. Kila Mwaka Kogwa wanaume wanapigana kwa mabua ya migomba, wanawake wanaimba matusi ambayo siku nyingine yangeleta kesi, halafu wote wanakula. Kuna mtaalamu mwengine, Max Gluckman, alikuwa akisema uasi wa namna hiyo unauimarisha utaratibu badala ya kuuvunja. Liwekeni hilo pembeni, tutalihitaji.

Ninayetaka kukaa naye zaidi ni Phil Cohen. Naam, Cohen wa tatu, mtanisamehe, sikuwapa majina mimi. Mwaka 1972 aliandika juu ya mitaa ya mashariki mwa London, watu wa bandarini na viwanda vidogo. Baada ya vita mitaa ile ilivunjwa, watu wakapandishwa kwenye maghorofa. Mtaa ulikuwa na mambo matatu: jamaa waliokaa karibu karibu, mahali pa kukutana bila kualikana, na kazi iliyokuwa hapo hapo mtaani. Yote matatu yakaondoka kwa pamoja. Vijana wa familia zile wakaingiwa na tatizo ambalo wazee wao hawakuweza kulitatua: wapande juu wawe watu wa kununua na kujipamba, au washuke na vibarua? Wengine wakavaa suti za kubana, wakajifanya wamepanda. Wengine wakanyoa vipara, wakavaa mabuti ya kazi na mikanda ya mabegani, wakajifanya vibarua kuliko baba zao walivyopata kuwa. Cohen akasema hayo ni masuluhisho ya kimazingaombwe. Tatizo ni la kweli, ni la nyumba na kazi. Suluhisho liko kwenye nguo. Unalishinda machoni, na asubuhi liko pale pale.

Hapa naomba mgeuke muangalie dirishani.

Yale ni majumba ya Michenzani. Baada ya Mapinduzi, nyumba za udongo na makuti za Ng'ambo zilivunjwa kwa mafungu, wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakisaidia kupanga na kujenga, watu wakapewa fleti zenye maji na umeme. Ilikuwa ni haki iliyochelewa sana, na asiyekubali hilo hakuona masika ndani ya nyumba ya makuti. Marehemu mama yangu mkubwa alipewa ghorofa ya nne. Alishukuru, akafurahi na bomba. Wiki ya pili nilimkuta amekaa juu ya ngazi, ananiambia: "Huku nikifa nani atajua?"

Alikuwa anaizungumzia baraza. Nyumba yetu ya chini ina baraza, na baraza si kiti. Mzee amekaa, mjukuu yuko miguuni, muuza kahawa anapita, mpitanjia anasalimia, habari ya msiba inafika kabla maiti hajapoa. Mtoto analelewa na watu ambao hawajui kuwa wanalea. Ghorofa ina ngazi, na ngazi mtu anapita, hakai.

Vijana ndio walioshuka chini wakaitafuta. Wakaleta mbao, wakapiga benchi, wakachora jina ukutani, wakaweka ubao, dama, redio, baadaye televisheni. Likawa maskani. Mnajua wenyewe: maskani ina jina, ina rangi, ina mweka hazina, ina faini ya kuchelewa, na tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ina bendera pia. Wageni wanaona vijana wavivu wamekaa. Phil Cohen angeona kitu chengine. Maskani ni baraza iliyonyimwa nyumba. Wameirudisha sura yake, benchi, kahawa, mzaha, lakini mzee hayumo, mwanamke hayumo, na kazi haimo. Rika limekaa peke yake. Kile kilichokuwa daraja baina ya umri na umri sasa kimekuwa kisiwa cha umri mmoja. Ni mazingaombwe, na nasema hivyo kwa mapenzi, kwa sababu nami nina maskani yangu na jioni hii nimewakosa.

Tusidhani lakini kwamba tulisubiri majumba ili tujifunze kusema kwa nguo. Zama za utumwa, mtumwa wa Unguja alijulikana kwa alichokosa mwilini: viatu hana, kofia hana, na mwanamke amejifunga kaniki nyeusi. Utumwa ulipopigwa marufuku kisheria mwaka 1897, watu wa Ng'ambo walikimbilia kanga, kanzu, kofia ya kushona kwa mkono, na hatimaye buibui, vazi lililokuwa la mabibi wa mjini. Hakuna aliyeandika ilani. Waliivaa. Akatoka humo Siti binti Saad, mtoto wa Fumba, muuza vyungu, akaenda Bombay mwaka 1928 kurikodi sahani kwa Kiswahili, na akaimba hadi kesi za mahakamani. Hayo ndiyo mambo ambayo Birmingham ingeyaita upinzani wa mtindo. Nasi tuna ushahidi wa kuwa mtindo unaweza kusukuma kweli: ukikataa kuvaa utumwa miaka 30 mfululizo, watu wanachoka kukuita mtumwa.

Kwa hiyo mimi huwa natazama pindo la suruali.

Miaka ya mwanzo ya 1970 pindo liliburura chini. Ilikuwa bugaluu, suruali pana chini, na kiatu cha raizoni, chenye soli nene, ndani yake. Bara, Umoja wa Vijana wa TANU ulikuwa umeshatangaza Operesheni Vijana mwaka 1968, ikaanza tarehe 1 Januari 1969, dhidi ya sketi fupi, suruali za kubana, mawigi na dawa za kujichubua. Kwetu amri zilikuwa kali zaidi, na bugaluu ilikuwemo. Kaka yangu alikamatwa njiani akitoka sinema, mkasi ukapita gotini. Alirudi nyumbani na suruali mbili: kaptura aliyoivaa na miguu miwili aliyoishika mkononi. Baba alicheka, mama alilia, na kaka aliihifadhi ile miguu ya suruali miaka mingi. Alikuwa kuli wa bandarini. Nilimuuliza ukubwani alikuwa anapinga nini. Akasema: "Sikuwa napinga. Nilikuwa nataka siku moja nionekane ninatoka mahali, si ninakwenda kazini."

Miaka ya 2000 suruali ikashuka kutoka kiunoni, ukaja mlegezo. Na katika miaka hiyo hiyo, msikiti wa pili kutoka hapa, vijana wengine walikuwa wanapandisha pindo juu ya kifundo, wanafuga ndevu, wanawakosoa wazee wao kwa maulidi na dufu. Mtakasirika nikiwaweka pamoja, na najua dini ya mtu ni baina yake na Mola wake. Nasema kama mtu wa elimu ya jamii tu: wote wawili walizaliwa mtaa mmoja, wamemaliza skuli moja, ajira haikuwaita, na wote wawili wamechagua vazi linalomwambia baba "wewe hukuijua njia." Nadharia za Ulaya zilikuwa na mazoea ya kudhani kijana akiasi atavua. Kwetu anaweza kuasi kwa kujisitiri. Binti anaufunika uso wake mwenyewe kwa nikabu na kumhutubia mamake aache taarabu. Mama kaduwaa, yeye ujanani aligombezwa kwa kupenda taarabu.

Nimefika kwa mabinti, na ni aibu nimechelewa, kama walivyochelewa wenzangu wa Birmingham. Angela McRobbie na Jenny Garber waliwauliza wenzao swali dogo: wasichana wako wapi? Vitabu vyote ni vya wavulana kwenye kona ya barabara. Wasichana, wakajibu wenyewe, wako chumbani, na sahani za muziki, picha ukutani na rafiki mmoja wa siri. Hawapo barabarani kwa sababu barabara ina gharama kwao ambayo mvulana hailipi. Mwanamke wa Unguja hana maskani. Ana ukumbi wa kusukana, ana siku ya piko na hina, ana harusi ambapo anaweza kunyanyuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji kwa shairi analojua litamchoma nani. Ana kanga, anayoichagua kwa jina, akapita mbele ya mlango wa mtu bila kufungua mdomo. Upinzani huo una faida moja juu ya kiduku: ukishtakiwa, unasema nimevaa kanga tu.

Sasa niseme linaloniuma.

Mwaka 1977 Paul Willis alichapisha kitabu juu ya vijana 12 wa mji wa viwanda Uingereza. Walikuwa wakorofi darasani, wanacheka walimu, wanawadharau watoto watiifu. Willis hakuwaona wajinga. Alisema wamepenya kwenye ukweli: wameona kwamba vyeti havitawatoa wote, kwamba skuli inawaahidi ngazi yenye nafasi ya wachache. Basi wakakataa. Na kukataa kwao ndiko kulikowapeleka moja kwa moja kwenye sakafu ya kiwanda, kazi ile ile ya baba zao, tena wakiingia kwa mbwembwe. Hakuna aliyewasukuma. Hapa ndipo tunapomhitaji yule Gluckman: uasi wao uliuimarisha utaratibu.

Nilikuwa na mwanafunzi, miaka 20 iliyopita, kichwa chepesi kuliko wote. Lugha tatu alizijua kwa masikio. Alipata kazi ya kuhudumu kwenye hoteli moja ya pwani, akaiacha mwezi wa tatu. Nikamwita. Akanifanyia hesabu juu ya meza yangu: mshahara, nauli, chumba, na masika wageni wakiondoka mkataba unakatwa, unaambiwa utapigiwa simu. "Mwalimu, mimi nivae fulana yenye jina la mtu kifuani, nitabasamu kwa amri, halafu Aprili nirudi kwa mama?" Hesabu ilikuwa sahihi. Akawa papasi. Na papasi, kwa wageni wetu, ni yule mdudu wa jamii ya kupe anayekuuma usiku. Jina la tusi, wao wakalibeba. Akafuga rasta, akawa bwana wa nafsi yake, anapokea wageni bandarini, anawapeleka Nungwi, anajua bei ya kila kitu na anamcheka kila mwenye bosi.

Ana miaka 40 na kitu sasa. Hana bosi, hana kiinua mgongo, na Aprili hana wageni, kama wenzake wa hoteli. Alikopenya ni kweli, na huko alikopenya pana ukuta. Na zile rasta! Zilitoka kwa maskini wa Jamaica, watu wa imani iliyoanza miaka ya 1930, waliokataa ufalme wa Kiingereza hata kwenye nywele. Panki wenyewe waliwaazima mawazo, Hebdige anaeleza. Leo ufukweni rasta ni kibao cha duka, ni kitu anachotafuta mgeni kwenye picha. Tabaka limebaki, upinzani umeuzwa.

Wapo wataalamu, hasa wa miaka ya 1990, waliosema habari ya tabaka imekwisha. Vijana siku hizi wanaingia na kutoka katika mitindo kama wanavyobadilisha chaneli, wanaunda vikundi vya muda, hakuna cha kupinga. Mwaka 1995 Sarah Thornton alionyesha kwamba kwenye kumbi za dansi vijana wanashindana wenyewe kwa wenyewe, nani anajua, nani mshamba. Hilo la Thornton nalikubali, maskani yoyote italithibitisha. Lakini tabaka? Mchukue mtoto wa mtu mwenye gari mbili na mtoto wa muuza urojo, wanyoe kiduku kimoja kwa kinyozi mmoja. Wa kwanza ataitwa "mtoto wa kisasa." Wa pili mtamwalika mwalimu mstaafu aje atoe hotuba juu yake.

Na tuwatazame pia ndugu zetu wa Pemba. Serikali ilipokuwa mnunuzi pekee wa karafuu na bei ikawa ya kuumiza, karafuu zilipanda mashua usiku zikaenda pwani ya Kenya. James Scott, aliyekaa na wakulima wa mpunga Malaysia na kuandika mwaka 1985, angeziita silaha za wanyonge: kuchelewesha, kujifanya hujui, kuficha, kusengenya. Wabeba magendo wale hawakuwa na mtindo wa nywele. Aliyetaka gunia lifike alitaka asionekane. Hii ndiyo shaka yangu kubwa kwa Birmingham: upinzani unaobadilisha hesabu ya nyumbani mara nyingi hauna vazi, na upinzani wenye vazi mara nyingi unaomba kwanza kuonekana. Kuonekana nako si jambo dogo. Muulizeni kaka yangu na suruali yake.

Nimesema ya kwangu, nikafungua maswali. Mzee mmoja, ambaye namheshimu sana, alisimama akaniambia: "Mwalimu, umezunguka dunia nzima, mjukuu wangu amekaa pale na kichwa kama kuku. Nimfanyeje?" Nikamwambia kwanza amuulize.

"Basi muulize wewe, mbele yetu."

Kijana akasimamishwa, miaka kama 17, kichwa chenyewe kimenyolewa vizuri, sikatai. Nikamuuliza kwa upole kiduku kina maana gani kwake. Akatazama chini, akatazama wenzake wa mlangoni.

"Kinyozi alikuwa anafundisha mtu, Mwalimu. Wakataka kichwa cha kujifunzia. Kilikuwa bure."

Ukumbi ulicheka mpaka mzee mwenyewe akacheka. Vicheko vilipotulia nikamuuliza kijana: na kama ungekuwa na pesa za kulipa, ungenyoa vipi?

"Hivi hivi," akasema. "Ila kingekuwa kimenyooka zaidi."